Vyungu Vilivyokataa Wekundu

San Mateo Ocotla
Ijumaa, tarehe 5 Desemba

Kaka yangu Isauro,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Si Mama, si padri kwenye kitubio, wala si Bibi, ambaye ndiye hasa alistahili kulisikia wa kwanza. Nitakuambia wewe. Lakini siwezi kuanza nalo, unisamehe, na kalamu yenyewe inavuja. Acha kwanza nikusalimu kama tulivyofunzwa.

Hujambo huko kaskazini? Kifua kimepona? Mama anauliza kama ile skafu aliyokufumia bado unaivaa au umeshamgawia mtu, maana anakujua. Sisi tu wazima wa mwili, Mungu ashukuriwe. Baba anakohoa asubuhi tu. Mbwa wako kazaa tena, watoto wanne, hapa chini ya meza ya kujazia vyungu. Ndipo ninapoandikia, na wananilamba vidole vya miguu. Bibi Tomasa anakula kidogo. Ya Bibi nitayafikia.

Ulipopiga simu uliuliza maua yetu ya Noeli yametokaje mwaka huu, Baba akasema mazuri, mazuri, kisha akampa Mama simu kama imemuunguza. Hayakuwa mazuri, kaka. Banda la mbele liliiva vizuri, lilikuwa jekundu mpaka macho yanauma, na malori yalikuja yakabeba. Lakini banda la nyuma, lile la Bibi, limebaki kijani. Sisemi majani yana ugonjwa. Ni mazima, yanang'aa, mashina manene kama kidole gumba. Yamekataa tu kuwa mekundu.

Na unajua Bibi alivyolihangaikia. Mwezi wa nne alipita mwenyewe kati ya miche mama, akiishika viuno kama anayechagua mkwe. Mjomba Fidencio alimtania kwamba kwa mikono hiyo angemtafutia na yeye mchumba, Bibi akamjibu kwamba mchumba wa Fidencio anahitaji macho mabovu, si mikono mizuri. Alituambia tusichague mche mrembo, tuchague wenye vifundo vya karibu karibu, kwa sababu mrembo huanguka lori likipita kwenye shimo. Vipandikizi alivikata yeye, na udongo aliuchanganya yeye, majani yaliyooza kutoka mlimani na vikokoto vyekundu, akiunusa kabla ya kuruhusu kipimo cha kwanza kiingie chunguni. Vyungu arobaini alivifunga uzi mweupe. Hivyo vilikuwa vya ngazi za kanisa, kwa novena ya Bikira, zile sala za siku tisa, kama alivyotoa baba yake, na babu yake kabla ya hapo.

Mara baada ya siku ya Wafu, Baba aliona banda la mbele linaanza kuona haya na la nyuma bado limenyamaza. Akamwita mzee Hermelindo wa jirani. Mzee alichuchumaa, akatazama kushoto, akatazama kulia, hakugusa hata jani. Kisha akachora duara kwenye vumbi kwa kijiti. Alisema, kumpare, rafiki yangu, angalia mwenyewe: pembeni kwenye kuta yanaiva, kadiri unavyoingia katikati yanazidi ubichi. Hapa katikati mtu amewasha taa, na si siku moja.

Baba alicheka kwanza. Nani katika nyumba hii angewasha taa? Tangu sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, Septemba inapoisha, mpaka mwisho wa Novemba, jua likizama, kwetu hata sigara haikaribii mabanda. Ua hili linataka usiku mrefu usioguswa, ndipo lishike rangi. Wewe mwenyewe ulichapwa mkanda kwa sababu ya taa ya pikipiki ya rafiki yako Chucho iliyomulika nailoni ya banda dakika tano. Baba alicheka, halafu akaacha kucheka, na nikaona macho yake yakienda jikoni, ambako Bibi alikuwa akimenya maharage.

Kwa sababu mwezi wa kumi Baba alimkuta Bibi uani, giza limeshaingia, ameshika mshumaa wa altare ya nyumbani, anamtafuta Babu. Alimwambia Baba amwite mzee wake aje ale, tamale zinapoa. Babu ana miaka minane kaburini. Tulimrudisha ndani na hatukulizungumza tena, ila kila mtu alilihifadhi.

Bibi alikana, kaka. Ungemsikia ungecheka na kulia. Alisema, mimi? Mimi niliyelala kati ya vyungu hivi kabla sijaota meno, leo niviwashie mshumaa? Nimezeeka, mwanangu, sijarogwa! Akamwambia mzee Hermelindo akachore maduara kwenye banda lake mwenyewe, ambako maua huiva kwa kumwonea aibu mwenyewe. Hata Baba alitabasamu.

Lakini Baba alimjibu kwa upole. Alisema, Mama, hukumbuki tu. Na shangazi Rufina akasema hivyo hivyo kwenye simu kutoka Puebla, mama yangu, hukumbuki. Na Mama akamwambia wakati anamsuka nywele, kwa huruma, ndiyo mbaya zaidi: si kosa lako, bibi, hukumbuki. Hakuna aliyemkaripia. Angekaripiwa angepigana. Walimhurumia siku baada ya siku, mpaka Bibi akaanza kukaa kitini akiitazama mikono yake, pande zote mbili, kama mikono ya mgeni aliyeiacha pale.

Asubuhi moja aliniita chumbani, akafunga mlango. Akaniuliza kwa Kinahuatl, lugha yetu ya siri humu nyumbani, mimi na yeye, kama niliwahi kumwona akiingia bandani na mshumaa. Alisema, wewe una macho, Delfina, na huwezi kunidanganya, sema tu. Nikamjibu kwamba sijui. Niliangalia sakafu nikasema, sijui, Bibi.

Tangu siku hiyo ameamini. Alikwenda bandani akapita kila chungu, akiinama na kusema na kila kimoja, nisamehe, mdogo wangu, nisamehe, nilikuamsha. Alichukua asubuhi nzima. Kisha akatoka, akamkabidhi Baba kisu chake cha vipandikizi, kile cha mpini wa mfupa, na hajaingia tena. Jumatano hii novena ilipoanza, ngazi za kanisa zilikuwa na vyungu vya mzee Hermelindo. Mzee alivipanga usiku usiku ili asituaibishe, lakini watu wana macho. Bibi alipita kati ya vyungu hivyo amejifunika shali usoni, kwa ngazi ambazo tangu aolewe alizipamba yeye.

Na sasa Jumapili anakuja shangazi Rufina kumchukua. Baba anasema hawezi kulala, anaogopa siku moja mshumaa utachoma nyumba na Bibi ndani yake. Unaijua nyumba ya shangazi, ghorofa ya nne, dirisha linatazama ukuta. Nilimwuliza Bibi kama atachukua hata chungu kimoja. Alisema hapana, mtu kama yeye asipewe kitu kinachoota.

(Nimelazimika kuficha karatasi chini ya trei ya mbegu. Alikuwa Mama, anatafuta ndoo. Ameniuliza mbona nimepauka, nikamwambia ni harufu ya mbolea.)

Haya, kaka. Ni mimi.

Mwalimu Ofelia alinichagua kusoma hotuba ya sherehe ya Novemba, kwa Kinahuatl na kwa Kihispania, mbele ya kijiji kizima na wageni wa manispaa. Alidhani ananiheshimu. Unanijua, mimi nikiitwa jina darasani masikio yanawaka. Ramiro wa muuza nyama aliwachekesha wote, akasema Delfina ana lugha mbili na zote bubu. Nilihitaji mahali pa kufanyia mazoezi kwa sauti. Nyumbani kuna watu, kanisani kuna watu, na mlimani nao wanaokota kuni. Bandani mwa Bibi kulikuwa na vyungu mia sita ambavyo havicheki.

Nilimwambia Mama ninakwenda kusoma kwa mama wa ubatizo. Jua likishazama nilikuwa nasimama katikati ya banda na ile taa ya betri uliyonitumia, nasoma kutoka mwanzo hadi mwisho, mara tatu, mara nne. Ilikuwa kila jioni ya Oktoba isipokuwa Jumapili. Usinione mjinga kupita kiasi. Nilijua habari ya giza, mimi ni binti wa humu. Ndiyo maana niliifunga taa kwa ile karatasi nyekundu ya kuvalishia vyungu vya Noeli. Mwanga ukawa mdogo, wa rangi yao wenyewe, nikadhani hautawaamsha. Nilidhani hata utawafundisha. Juzi juzi mtaalamu wa kilimo alimwambia Baba, mimi nikisikia nyuma ya nailoni, kwamba hakuna mwanga unaolidanganya ua hili zaidi kuliko mwekundu. Taa tupu, bila karatasi, isingeharibu zaidi ya hapo.

Hotuba niliisoma vizuri. Hilo ndilo linaloniua. Sikukwama hata neno, kwa lugha zote mbili, na Ramiro mwenyewe alisimama. Walipiga makofi na kila kofi lilikuwa linanipata shavuni. Bibi alikaa mstari wa mbele, analia, anamwambia kila aliye karibu kwamba huyo ni wake, huyo ni wake. Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimemwambia sijui.

Taa si kosa lako, usije ukajilaumu. Uliituma kwa mapenzi. Na wala sikuandikii ili uniambie mimi ni mtoto tu. Nina miaka kumi na tano, na nilinyamaza mwezi mzima nikimwangalia mtu akiibiwa akili yake kwa upole, neno moja moja, na ni mimi ninayejua ilipo.

Nilikusudia nikutumie barua hii ili wewe umpigie Baba simu. Wewe humwogopi. Lakini nimehesabu, barua itakufikia baada ya Noeli, na Jumapili ni keshokutwa. Nadhani nilijua hilo tangu nilipochukua kalamu. Ni kawaida yangu kuongea mahali ambapo hakuna wa kunijibu.

Mama anakusalimu sana, na mjomba Fidencio, na mama wa ubatizo. Mbwa wako anakusalimu kwa mkia. Jifunike kifua, usile chakula cha makopo kila siku, na ukipita mahali wanauza maua haya huko kwenu, angalia vifundo kwanza, kama alivyotufunza. Bibi hajakusalimu, kwa sababu hajui kama ninaandika. Nitamwomba salamu zake mwenyewe, akinipa.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Delfina Cuautle

Nasikia viatu vya mpira vya Baba kwenye kokoto, anakuja kuchukua trei. Taa yako nimeitoa mfukoni nikaiweka mezani, na karatasi yake nyekundu bado imeizunguka. Trei nimeisogeza pembeni. Barua iko hapa, kaka, uso juu, naye ameshika komeo la