Rejeta ya Kaka

Jumatatu, 3 Juni

Mama amepiga simu mchana, ananong'ona kama mtu aliyejificha uvunguni. Amechoka kukaa kwa kaka. Wifi hamsemeshi. Sahani inawekwa mlangoni, hata "karibu" haisemwi. Kaka hana habari: anatoka alfajiri kusaka magari mabovu ya yadi yake, akirudi kila mtu anatabasamu. Mama kuvumilia anajua, lakini kimya kingi kina mshindo mkuu.

Nimchukue Jumamosi, wifi atakuwa kwao. Na haondoki bila kitanda chake na cherehani. "Kaka yako asijue," akasema. "Akijua atalia, na akilia sitaondoka."

Nimekubali. Si pikapu ninayo?

Jumanne, 4 Juni

Pikapu ninayo! Leo nimepakia nyanya za watu, kufika mlimani mshale wa joto umegonga mwisho, mvuke unafuka kwenye boneti kama sufuria ya maharage. Fundi Mapengo ametazama, akacheka — huyu hucheka hata msibani. Rejeta imeoza, anasema. Ukilehemu hapa, inatoboka pale. Nitafute nyingine, na kwa gari la umri huu nitatafuta kweli.

Kukodi gari jingine? Kila mwenye gari mtaani humu ni rafiki wa kaka. Kabla sijapakia kitanda angeshajua.

Jumatano, 5 Juni

Kutwa madukani. Wananiuliza gari la mwaka gani, nikitaja wanatazamana. Mmoja kanishauri ninunue gari. Asante sana baba, nilikuwa sijui!

Jioni nikampata muuza spea wa mji wa pili, kwa simu. Anazo mbili, zinafanana. Akauliza mdomo wa juu, unapoingia mpira wa maji, uko upande gani. Nikaenda kukaa kwenye usukani, nikatazama mbele. Kushoto! Anaituma na basi la asubuhi.

Alhamisi, 6 Juni

Siyo! Mapengo kaipachika, mdomo uko upande wa pili, mpira haufiki hata uuvute na ng'ombe. Nikampigia yule muuzaji nimewaka. Yeye mtulivu tu.

"Kushoto kwa nani, dada? Sisi gari tunalitazama usoni."

Kumbe! Mimi nilikaa kitini, yeye alisimama mbele ya gari. Kushoto kwangu ni kulia kwake. Na ile nyingine ameshaiuza. Mapengo alicheka mpaka akashika nguzo. Mimi nimekaa juu ya tairi nikalia, sioni haya kusema.

Alipoona machozi akaacha kucheka. Akasema anajua pikapu kama yangu, imegongwa nyuma, mbele nzima kabisa. Iko wapi? Kwenye yadi ya kaka yako.

Ya Rabi.

Ijumaa, 7 Juni

Nimekwenda, ningefanyaje. Kaka amefurahi kuniona mpaka nikaona vibaya. Nimemwambia nina mzigo wa watu kesho. Funika kombe mwanaharamu apite. Bei hataki hata kuisikia. Ila kaka hamwamini Mapengo, ataifunga mwenyewe. Akaja na kamba, akalivuta gari mpaka yadini kwake.

Yadi hiyo iko ubavuni mwa nyumba yake. Dirisha la Mama linatazama hapo hapo! Nimejipalia makaa kwa mikono yangu. Wifi alikuwa kibarazani muda wote, sikuweza kuingia kumwona Mama. Simu yake haipatikani.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika nikiwa kitini, daftari gotini. Kaka amesema nikae hapa nisibanduke, akiniambia niwashe, niwashe. Boneti iko juu, simwoni, namsikia tu anapiga mluzi. Wifi ameondoka. Simu ya Mama bado imezimwa. Mpango: gari likipona niondoke, nizunguke, nirudi kaka akienda kupeleka injini ya mteja mchana.

Ameniuliza mbona siji kumsalimia Mama, anakuulizia kila siku. Nimesema kazi. Rejeta ameisuuza mwenyewe maji yakatoka meupe. Mdogo wake hawezi kuchemka njiani, anasema.

"Washa."

Nimewasha. Mshale umetulia katikati. Hakuna hata tone.

Mlango wa nyuma wa nyumba umefunguka. Mama! Kavaa viatu vya safari, shuka la nguo limefungwa fundo begani, kichwa cha cherehani kakikumbatia kifuani. Amesikia gari linanguruma, akajua ndiyo saa yenyewe. Namkonyeza, haoni.

"Umechelewa," ananiambia, tena kwa sauti. "Kitanda nimeshakifungua, teremka tukibebe."

Mluzi umekatika.

Kaka amefunga boneti polepole. Anamtazama Mama, anaitazama cherehani. Halii. Anafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Mdogo wangu, hii rejeta nimeifunga kwa safari ya wapi?"

Wananitazama wote wawili. Nami nimeinamisha kichwa, naandika.