Baba Kafungwa Pingu na Mkwewe

Nyumba za Askari wa Wanyamapori,
S.L.P. 62.
14 Agosti

Mpendwa kaka yangu,

Shikamoo. U hali gani huko ugenini? Kifua kimepoa, au baridi bado inakusumbua? Wifi na watoto hawajambo? Sisi tunapumua. Mwanangu ametimiza wiki sita, na sauti kachukua ya shangazi, majirani hawalali.

Kaka, kaa chini kabla hujaendelea kusoma. Baba alikamatwa ndani ya hifadhi akiwa na swala begani, na aliyemfunga pingu ni shemeji yako, mume wangu.

Swala mwenyewe alikuwa ananiletea mimi. Alisikia nimejifungua na nimekonda, akachukua waya zake za kutegea, akaingia kule alikokuwa akiwinda na babu kabla mpaka haujawekwa. Kwake yeye huo si wizi hata kidogo. Ni kama kwenda shambani kwake.

Nilipopata habari nilimfunga mtoto mgongoni nikakimbilia ofisi ya askari wa hifadhi. Nikamkuta baba kwenye benchi, anakikodolea macho kichwa cha nyati kilichotundikwa ukutani.

"Aliyemuua huyu yuko mahabusu gani?" akauliza.

"Huyo alikuwa mgeni mwenye kibali, mzee," mkuu wa kituo akamjibu. "Aliwinda sehemu inayoruhusiwa."

"Nyama aliila?"

"Hapana. Alitaka kupiga naye picha. Kichwa akatuachia."

Baba akanigeukia, macho yamemtoka. "Mwanangu, umesikia? Anaua asile, halafu mhalifu ni mimi!"

Nyumbani nilimrukia mume wangu kwa maneno ambayo siwezi kukuandikia. Alivua viatu polepole, akaniambia kwamba mwezi uliopita alimkuta ndama wa tembo amekatwa mguu na waya kama zile za baba, ikabidi ammalize yeye mwenyewe kwa risasi. Hakuwahi kunisimulia. "Nikimwachia baba mkwe," akasema, "kesho nitamkamata nani?" Sikujua nimchukie au nimwonee huruma.

Mahakamani baba alikiri kabla hawajamaliza kumsomea mashtaka. Hakimu akampa miezi sita ya kufyeka nyasi kando ya barabara ya hifadhi, kila asubuhi. Tulikuwa tumeshajiandaa kwa jela, kwa hiyo mama alilia kwa furaha. Shangazi alilia kwa hasira.

Jumapili ukoo ukaitana. Shangazi alikuja na begi tupu la kutilia nguo zangu, tayari kunirudisha nyumbani. Baba akamkata kauli:

"Sheria yao siikubali, na nitakufa siikubali. Lakini huyu kijana alinikuta, akaniamkia, akanitua mzigo, ndipo akanifunga. Nani hapa angethubutu kufanya kazi yake mbele ya mkwe? Ondoa begi lako."

Mume wangu aliinamisha kichwa.

Nikadhani yamekwisha. Juzi baba kaja kumwona mjukuu, akaketi meza moja na mkwewe. Katikati ya chakula akasema, kama mtu anayeomba chumvi, kwamba adhabu ikiisha atarudi msituni.

"Nami nitakuwepo, baba," mume wangu akamjibu.

Wakaendelea kula. Mimi ndiye niliyeondoka mezani.

Mama anakusalimu sana, mguu wake unaendelea vizuri. Shangazi naye anakusalimu, ingawa nami hasemi. Nibusie watoto, na umwambie wifi kitenge alichonipa ndicho ninachombebea mtoto. Mungu akulinde uendako na urudipo.

Nakuomba jambo moja tu: mwandikie baba. Wewe ni mtoto wake wa kwanza, anakusikiliza. Mume wangu simwogopi kwa kusema uongo, kaka. Namwogopa kwa sababu kila anachosema hukitimiza, na zamu zake haendi peke yake. Huenda na wenzake wenye bunduki, ambao baba si mkwe wao.

Mdogo wako akupendaye kwa moyo wote,
Kitindamimba