Mjomba Kabonyeza Kitufe

Shoga, nikwambie kitu. Usinicheke.

Mjomba kaja kazini nimpime masikio. Ndiyo, yule yule wa "nionyeshe ushahidi kwamba Mungu yupo", aliyemliza mama msibani.

Nikamketisha kwenye kile kichumba kisichopitisha sauti, nikamvisha hedifoni. Nikamwambia ukisikia mlio, hata uwe hafifu vipi, bonyeza kitufe.

Nikafunga mlango. Kupitia kioo namwona anabonyeza. Katulia. Kabonyeza tena.

Shoga, mashine nilikuwa hata sijaiwasha.

Nikamfungulia. Macho mekundu. "Mbona hukusema kuna sauti ya mtu? Imeniita jina. Lile la utotoni."

Lile la utotoni, shoga.

Akanishika mkono, akaubana. "Ni mashine yako, siyo?"

Nikamwambia ndiyo, ni mashine.

Akashusha pumzi, akacheka. "Unaona? Kila kitu kina maelezo yake." Akaenda zake anapiga mluzi.

Hedifoni ziko pale kwenye kiti, nazitazama tu. Mimi, nisiyekosa ibada hata nikiumwa, naogopa kuzivaa.

Naogopa nitazivaa nisisikie kitu.