Tulimbadilisha Prosper Akiwa Mlimani

Jumapili, mwezi wa saba. Baridi imeng'ang'ania tangu asubuhi, na mlima haujaonekana siku ya nne sasa. Nimejifunga khanga mbili mabegani, soksi miguuni, na bado vidole vinagoma kubonyeza simu.

Nina jambo la kuungama. Sisi Walutheri hatuna kile kibanda cha kuungamia, kwa hiyo naliweka hapa.

Mimi ndiye niliyefanya Prosper auzwe.

Kuuzwa ni neno la mashabiki tu, hakuna shilingi iliyopita mkononi mwa mtu. Tulibadilishana mchezaji kwa mchezaji, basi. Ila tangu siku ile nikisikia neno hilo natazama pembeni.

Kwa msiotujua, sisi ni timu ya mpira wa kikapu ya mtaa, huku Rau. Uwanja wetu ni wa saruji yenye nyufa, na kikapu kimoja kimeinama kidogo upande wa msitu, jambo ambalo wageni hulilalamikia na sisi hujifanya hatulijui. Mimi ni mwalimu wa hisabati. Miaka kumi na moja nimekaa mezani pembeni mwa uwanja nikiandika nani kafunga, nani kadaka mpira uliogonga ubao, nani katoa pasi ya kufungia. Wananiita Madam Takwimu. Najua wananitania. Najua pia kwamba ubishi ukipamba moto, vichwa vyote vinageuka upande wangu.

Nalipenda hilo. Nalipenda kuliko inavyofaa.

Prosper hajawahi kuwa nyota. Si mrefu, umri umeanza kusogea, goti la kushoto halikosi bandeji. Kazi yake ni mpishi wa safari za mlimani. Anapotea siku sita, saba, akishuka anakuja moja kwa moja uwanjani na begi lake na chupa kubwa ya chai ya tangawizi, ile ile anayowachemshia wageni huko juu. Nusu ya mchezo, wenzake wakimsikiliza kocha, yeye huja kwanza mezani kwangu na kikombe. Miaka kumi na moja ya chai, na sikuwahi kuiomba hata mara moja.

Uwanjani kazi yake ni kusimama. Anasimama wima kwenye njia ya mlinzi wa wapinzani ili mwenzake apate nafasi ya kurusha. Anagongwa, anaanguka, anainuka, anakwenda kusimama pengine. Wachezaji wanaiita skrini.

Kitabu changu hakina safu ya skrini.

Mwezi uliopita kocha wa timu ya mjini alimpigia simu kocha wetu. Wana senta mrefu, mchezaji wa chini ya kikapu, Godlisten, wako tayari kumtoa. Wao wanamtaka Prosper. Tuliposikia tulicheka. Baba Glory, fundi wetu wa pikipiki na shabiki mwenye sauti kuliko wote, alisema wale watu wamechanganyikiwa, tuwahi kabla akili hazijawarudia.

Timu yetu kila shabiki ni kamati. Tulikaa bandani kwa Mama Oliva, anayepika mtori, ile supu ya ndizi, karibu na uwanja, na nusu ya watu hawakutaka. Wakasema Prosper ni wetu, amekulia hapa kimchezo. Ndipo nikasimama na kitabu changu. Nikasoma msimu mzima, mchezo kwa mchezo. Pointi mbili. Pointi nne. Sifuri. Pointi mbili. Nilipomaliza, mikono ikanyooka.

Nikaketi nimeridhika kabisa na nafsi yangu.

Prosper mwenyewe hakuwepo. Alikuwa mlimani, siku ya tatu ya safari. Na kila mtu huku kwetu anajua namna ya kumtendea mtu aliye mlimani. Hata mbuzi akichinjwa, fungu lake linawekwa mpaka ashuke. Sisi tulikaa tukamgawa yeye mwenyewe.

Kocha akauliza nani atamwambia. Nikasema mimi. Nikaandika ujumbe kwenye simu, Kiswahili sanifu, nukta na mikato mahali pake, "uongozi unakushukuru kwa mchango wako", na mwishoni nikaweka vile viganja viwili vilivyokutanishwa. Ukaonyesha tiki moja. Nikarudi kusahihisha madaftari ya kidato cha pili.

Hakunijibu.

Godlisten ni kijana mwema, nisimwonee. Anatusalimia wakubwa kwa heshima, anafunga, ameujaza ukurasa wangu. Na tumefungwa michezo miwili na yeye akiwa ndani. Wapiga mipira wetu wa mbali, wale waliokuwa wanatia mipira kikapuni kama wanatupa mahindi kwa kuku, ghafla hawapati nafasi. Nilidhani ni bahati mbaya. Hesabu zangu zilikuwa sahihi, basi kosa liko kwa wengine.

Jana tukacheza na timu ya mjini. Tena nyumbani kwetu.

Prosper aliingia robo ya pili, na jezi ya bluu ambayo haikumkaa vizuri. Kwa mara ya kwanza nilimtazama bila kungoja afunge. Nilimwona anasimama mbele ya mlinzi wetu, na mwenzake anarusha, inaingia. Nilimwona anamsogeza Godlisten taratibu kwa mgongo mpaka mpira uliogonga ubao ukamwangukia mtu mwingine kabisa. Nilimwona anamshika bega kijana wao aliyetaka kumjibu mwamuzi, anamnong'oneza kitu, kijana anatulia. Kalamu yangu ilikuwa hewani muda wote huo. Sikuwa na mahali pa kuandika.

Nusu ya mchezo nikainamisha kichwa nijifanye najumlisha. Nikasikia harufu ya tangawizi.

Aliweka kikombe pembeni ya kitabu, akarudi kwa wenzake. Chai ikapoa pale pale. Sikuweza kuinywa.

Tulifungwa kwa kumi na tano. Prosper: pointi mbili.

Baada ya mchezo, banda la Mama Oliva lilichemka kuliko sufuria yake. Baba Glory alishikilia msimamo kwamba uamuzi ulikuwa sahihi, Godlisten apewe muda, timu haijengwi kwa huruma. "Madam alituonyesha namba! Au namba nazo zimebadilika?" Wengine wakamrukia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote. Mwingine akasema tatizo ni wapiga mipira wetu, wamezembea. Hoja zikapanda, zikashuka, na kwa jinsi nilivyosikiliza, Baba Glory hakuwa mjinga. Prosper goti lake linachoka. Godlisten ana miaka kumi mbele yake.

Mama Oliva akaweka bakuli mezani. "Mimi hicho kikapu chenu sikijui. Ninachojua, Prosper alipokuwepo hawa vijana walikuwa wanakuja kula pamoja. Sasa hivi wanakuja mmoja mmoja."

Vichwa vikageuka upande wangu, kama kawaida. Nikasema naumwa kichwa, nikaondoka.

Leo baada ya ibada nilipitia Old Moshi kwa mama yangu, nikamweleza yote. Hakunipa pole. Alichukua kisu, akatoka hadi kwenye uzio wa kihamba, shamba letu la migomba, akarudi na jani la isale. Mtu wa huku haelezwi: ukimkosea mtu, unampelekea isale, na aliyepelekewa hakatai msamaha.

"Nenda kwao Kilema leo leo," akasema. "Na usiende ukamwelezea hesabu, Ndeshi."

Njia nzima, nyuma ya pikipiki, jani likinichapa shavuni, nilikuwa nawaza jambo moja. Kama hawezi kukataa, je, huo ni msamaha au nimemfunga mikono tena? Nilishamwamulia mara moja akiwa hayupo. Nilipofika kwao nikalisukuma jani ndani ya kikapu cha zawadi nilichobeba, chini ya maparachichi. Nikasema nitaomba kwa mdomo kwanza. Akitaka kunifukuza, apate nafasi ya kunifukuza.

Nikamwamkia mama yake shikamoo. Alinipokea vizuri, akaniambia Prosper yuko bandani kwa ng'ombe.

Alikuwa anawawekea majani ya migomba. Hakuacha. Nikasimama pale mlangoni, kwenye tope, nikasema, "Prosper, nimekukosea. Nilisimama mbele za watu nikasema huna faida. Na sikuwa na ujasiri wa kukungoja." Nilianza kulia, na mimi ni mtu ninayelia vibaya, na makamasi.

Alimaliza mzigo mzima wa majani kabla hajajibu.

"Kubadilishwa sikuchukia, Madam. Timu ni timu. Lakini ule ujumbe niliusomea getini, tulipomaliza kushuka. Simu imepata mtandao, inalia lia mfukoni, nikadhani ni nyumbani. Wageni wamejipanga wanangoja tuwaimbie ule wimbo wa kuwaaga. Nikausoma, nikaweka simu mfukoni, nikaimba. Nikapiga na makofi." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Ungeningoja nishuke tu."



Ni mama yake aliyetuokoa. Alikuja nyuma yangu na kikapu changu mkononi, ncha ya jani imechomoza kati ya maparachichi. "Huyu mtoto ameficha isale kama mtu aliyeiba," akasema. "Litoe, mama, litanyauka bure."

Nikamwambia Prosper kwamba sikutaka kumlazimisha, ndiyo maana nimelificha. Akanitazama, kwa mara ya kwanza leo. Akanyoosha mikono yote miwili mwenyewe.

Tulikaa jikoni, tukala ndizi. Nikamwambia bandani kwa Mama Oliva wapo wanaotaka arudi, nitasimama tena kamatini nimtetee. Akatikisa kichwa. Amewapa wale wa mjini neno lake, na kuna vijana pale wameanza kumzoea. Nilitegemea nitarudi Rau na habari njema. Sikurudi nayo. Hatarudi.

Wakati wa kuaga ndipo akauliza, "Jana umeniandika ngapi?"

"Mbili."

Alicheka mpaka akashika goti. "Na skrini?"

"Hakuna safu, Prosper."

"Si una rula?"

Nimefika nyumbani nikachukua rula kabla hata ya kuvua viatu. Nimechora safu. Nimefunga macho nikaurudia mchezo wa jana, robo ya pili na ya nne, na kila nilipomkumbuka amesimama nimeweka kijistari. Vimefika kumi na saba. Huenda vingine vimenipita.

Kisha nikafungua vitabu vya zamani nijaribu kurudi nyuma. Sikuweza hata mchezo mmoja. Kufunga kwake nakukumbuka, maana kulikuwa kuchache. Kusimama kwake sikukumbuki, maana sikuwa natazama, na miaka yote hiyo alikuwa mita tano kutoka mezani kwangu.

Nimelia tena kidogo. Sasa nimenyamaza.

Jumamosi sisi hatuchezi. Timu ya mjini ina mchezo uwanjani kwao. Sitakuwa mezani, sina kitabu, sina namba za kumwonyesha mtu. Baba Glory akisikia nimekaa upande wa jezi za bluu atanitangaza mtaa mzima, na atangaze. Nitaketi nyuma ya benchi lao, na nusu ya mchezo, kocha akianza kuongea, nitaingia na kikombe.

Tangawizi ipo. Chupa nimeshaiosha.