Magunia Yasiyo na Mwenyewe

Makambako

Mdogo wangu Mama Upendo,

Mmeamkaje huko Ipelele? Baridi imekiachia kifua chako, au bado unakohoa? Mimi mwili mzima, ila moyo wiki hii ulikuwa juujuu kwa ajili ya mwanetu Tumaini.

Si unajua nipo kwake tangu apate kazi ya kompyuta kwa huyu tajiri wa malori, Mzee Abdallah. Juzi nimempelekea chakula ofisini, namkuta anaongea peke yake: "Toa mwenyewe. Toa bei." Nikamwuliza, mwenyewe gani huyo unamtoa?

"Mama, kompyuta nimeshaiambia mzigo ni kitu gani: una mwenyewe, uzito, bei na mahali unakokwenda. Hiyo ndiyo aina mama. Sasa mzigo wa dereva siuandiki upya, nauzaa humohumo: chukua mzigo, ondoa mwenyewe, ondoa bei. Kesho nikiongeza kitu kwa mama, kwa mtoto nako kinatokea."

Mdogo wangu, hebu fikiria. Mimi na wewe tumeshona midomo ya magunia ya viazi tangu usichana, kila nyumba na rangi yake ya uzi. Gunia lisilo na alama ya mwenyewe kwetu linaitwaje? La wizi! Nikasema basi, madereva wameshamrubuni mtoto. Mji huu siku hizi kila mtu anauza, hujui nani ni nani.

Kulipokucha nikaenda kwa tajiri, Tumaini akiwa hapohapo. "Mzee, mimi sijasoma, lakini mwanangu asije akafungwa kwa magunia ya watu. Nani kamtuma afute wenye mali?"

Akacheka mpaka kofia ikakaa upande. "Nimemtuma mimi, mama. Wenye mali wote wamo, hawajafutwa, ila dereva hawaoni. Akijua mzigo wa nani na unalipiwa ngapi, anamfuata mtu pembeni, safari ijayo wanapatana wenyewe bila mimi."

"Kumbe na wewe huwaamini watu wako."

"Karibu Makambako, mama."

Kazi haijapotea, Mungu ni mwema. Ila Tumaini alininunia mpaka jioni. Ndipo akasema, "Mama, ningeweza kukuandika kwenye kompyuta, ningechukua mama yuleyule, nikaondoa mashaka tu."

Nikamwambia, "Yaondoe, uone kama utabaki na mama."

Akacheka. Mimi sikucheka sana. Huyo Mzee mwenyewe bado namwangalia.

Nisalimie shemeji, kaka yetu mkubwa, na mama mkwe wako, umwambie dawa ya miguu naitafuta. Naishia hapa, maharage yananukia kuungua.

Dada yako akupendaye,
Mama Tumaini