Chale za Ubavu wa Kushoto

Jumatano, mwezi wa Rajabu. Lusangi.

Mvua imenyesha tangu alfajiri na mpaka sasa inadondoka kwenye nyasi za paa la nyumba ya wageni. Nguo zangu zote mbichi, magoti yananiuma, na nina hasira. Lakini ni hasira nzuri, ile inayomfanya mtu afue nguo za wiki nzima kwa siku moja.

Naandika kwa herufi za Kiarabu, kama marehemu baba alivyonifundisha barazani kwetu Kasongo. Bwana Daktari anasoma Kifaransa na lugha ya kwao, lakini hapa ataona vidudu tu vinatembea. Kwa hiyo nitasema yote.

Tangu mume wangu afariki, nazalisha wanawake katika dispanseri ya Kasongo. Kila mwaka, mvua zikishakolea, Daktari hunichukua tukazunguke vijijini kupima homa ya mbu. Hatupimi kwa mashini, tunapima kwa mkono. Mtoto analala chali mkekani, nami naingiza vidole chini ya mbavu zake za kushoto natafuta bandama. Akiwa mzima, vidole havikuti kitu. Akiwa anarudiwa na homa mara kwa mara, bandama imevimba, unaikuta ngumu kama kiazi. Nasema "hakuna" au "kubwa", naye anaandika. Hivyo ndivyo anavyojua, mwaka hadi mwaka, kama homa ya nchi hii inapanda au inashuka.

Na hapa Lusangi ilikuwa inashuka, jamani! Ameichora kwa mstari kwenye karatasi kubwa, mstari unateremka kama njia ya kwenda mtoni. Alifurahi mpaka akaniita mimi mzalishaji nikautazame. Anasema ni kwa sababu ya ile dawa ya kuua mbu waliyopuliza kwenye kuta za nyumba. Lusangi imepona, anasema. Basi tukimaliza kupima, mashini ya kupulizia na sanduku la kinini, vidonge vya homa, vinapakiwa kwenye kamiyo, lile lori letu, vinakwenda Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu, maana Bulamatari, serikali ya Wazungu, anataka wachimbaji wenye nguvu.

Nami nilifurahi. Nani hafurahii watoto kupona?

Juzi Jumatatu, asubuhi, alikuja mkekani binti mmoja wa gauni la maua. Hakuna bandama, safi kabisa. Adhuhuri akaja binti mwingine, ana kitambaa kichwani, jina lingine, na mama mwingine kamshika mkono. Nikaingiza vidole, na macho yakaniangukia kwenye kitovu.

Kitovu kile nakijua! Nilikifunga mwenyewe. Mama yake alijifungulia Kasongo kwa taabu, uzi ukakatika, nikafunga mara ya pili, na kitovu kikapona kimeinama upande kama mtu anayechungulia mlangoni. Hakuna kingine cha namna hiyo Maniema nzima, na asubuhi ile kilikuwa chini ya gauni la maua. Nikamwangalia mtoto, naye akanikenulia meno. "Hakuna," nikamwambia Daktari, maana kweli hakuna.

Ndipo nikajiuliza: Mwajuma yuko wapi? Mwajuma ni mtoto wa Zuhura, na Zuhura ni binti wa marehemu dada yangu, aliolewa hapa Lusangi. Watoto wote wameitwa, wajukuu wa kapita, mkuu wa kijiji, wamepita, wangu simwoni.

Baada ya alasiri nikaenda kwa Zuhura.

"Iko ku shamba na baba yake," akaniambia, uso ameuelekeza kwenye kinu.

Shambani! Kwa mvua ile! Nikapitiliza mpaka jikoni, na nyuma ya mafiga nikamkuta mjukuu wangu amelala juu ya gunia, tumbo limetuna, midomo haina damu. Sikuhitaji kutafuta. Bandama ilikuwa imeshuka karibu na kitovu. Na juu yake, kwenye ngozi, chale mbichi, safu mbili, zimepakwa dawa nyeusi.

"Mama mudogo, usiseme kwa Musungu," Zuhura akaanza kulia. "Watanitia kulima barabara."

Ndipo akanieleza. Kabla hatujafika mwaka jana, alitangulia munganga mmoja wa dispanseri, sasa amehamishwa, wala jina lake sitaliandika. Aliona chale ubavuni mwa mtoto. Akawafokea wanawake mbele ya waume zao, akawaita washenzi, akasema kila mama mwenye mtoto wa chale atalima barabara kama mfungwa. Basi wakaamini hivyo. Na nani huchanjwa chale ubavu wa kushoto? Mwenye bandama kubwa. Wakawaficha wote jikoni na mashambani. Lakini kapita anatakiwa kuleta watoto wa kutosha, basi wakaazimana watoto wazima, huyu kamvalisha wa jirani gauni, yule kamfunga kitambaa.

"Na muliona hakuna ubaya?" nikamuuliza.

"Mwanamuke gani, mama mudogo, anamuletea mugeni chungu chenye kupasuka?"

Nilicheka, Mungu anisamehe. Halafu nikamtazama Mwajuma, kicheko kikanikauka.

Homa ya Lusangi haikushuka hata kidogo. Ilifichwa tu.

Na sanduku la kinini lilikuwa linangoja kamiyo.

Nikafikiri: nikimwambia Daktari sasa hivi, atatuma askari nyumba kwa nyumba, watoto watakokotwa, na wanawake hawa hawatatuletea mtoto tena maisha yao yote. Nikinyamaza, dawa inakwenda zake, na mjukuu wangu anabaki na majivu ya mafiga. Nilikasirika na munganga yule, nikakasirika na Daktari na mstari wake, nikakasirika hata na Zuhura. Kisha nikaona hasira haina faida kama haina miguu.

Jana asubuhi nikawafuata wanawake kijitoni, wanakoloweka mihogo. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Nikaanza kusema, nao wakaangalia aproni yangu nyeupe, wakawa wananijibu "ndiyo mama, ndiyo mama", vile vile wanavyomjibu Bulamatari akija kuwaambia walime pamba. Nikajua nasema na mawe.

Hapo nikavua aproni. Nikapandisha blauzi, nikageuka, nikawaonyesha ubavu wangu wa kushoto.

Mimi pia ninazo. Mama alinichanja nilipokuwa mdogo kuliko Mwajuma. Na nikiri hapa, kwenye herufi za baba: nimezionea haya miaka yote. Tangu niingie dispanseri nashona blauzi ndefu, naoga peke yangu, ili masista na wenzangu wasije wakaniita mshenzi, kama ninavyosikia wakiwaita wengine.

Kisha bibi mmoja, Bibi Mwamini, ambaye hana jino hata moja, akapasua kicheko. "Kumbe munganga naye ni mutu!" Wote wakacheka. Akanijia, mikono inanuka muhogo, akapitisha kidole juu ya chale zangu. "Mficha uchi hazai," akasema. "Weye unazalisha watu, ulikuwa haujui?"

Nikamwambia nimechelewa kujua.

Akaendelea kuzigusa, moja moja. "Huyu mwenye alikukata, mukono ulikuwa unatetemeka. Angalia, hazinyooki."

"Alikuwa mama yangu."

"Basi alikuwa analia," akasema, kama mtu anayesema maji yamechemka.

Nilishusha blauzi, nikawaambia wanawake: leteni wote kesho, wa chale na wasio na chale. Hakuna mama atakayelima barabara. Na ikiwa wako watakaolimishwa, wa kwanza kushika jembe ni mimi.

Leo wamekuja. Kwa mvua hii! Watoto mgongoni, majani ya migomba vichwani, wengine wamebebwa na baba zao ambao jana walikuwa hawajui kitu, au walijifanya hawajui. Nikaanza kupima. Kubwa. Kubwa. Hakuna. Kubwa. Kubwa sana. Naona haya kuandika hili, lakini kila vidole vyangu vilipokutana na uvimbe, roho yangu ilifurahi. Huyu hapa, amekuja, nimempata.

Daktari akaweka kalamu chini. "Mama Sakina, hii homa imetoka wapi?"

"Haikutoka pahali, Bwana. Ilikuwa jikoni."

Nikamweleza yote, hata kitovu. Masikio yake yakawa mekundu.

"Na mwaka jana, walifichwa wangapi?"

"Sijui, Bwana."

"Na vijiji vya Kabambare?"

"Sijui. Yule munganga alipita na huko."

Akaikunjua karatasi yake kubwa. Ule mstari wake, akasema, umeshafika kwa wakubwa, umeshasifiwa. Je, najua kwamba mtu anaweza kukosa kazi kwa mambo kama haya? Nikamwambia najua. Mimi ni mjane, nyumba ya Kasongo inanitazama mimi, na kazi nyingine ya mwanamke aliyesoma kwa baba yake barazani sijui iko wapi. Lakini ulimi ulikuwa umeshaanza safari. "Kwetu wanasema, Bwana, mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tumewaficha watoto. Na wewe usiufiche mstari."

Aliyefuata mkekani alikuwa Mwajuma. Zuhura alimlaza mwenyewe, macho chini. Daktari akanisogeza pembeni, akaingiza mkono wake yeye. Akaziona chale, akaipata bandama, na mkono akauacha palepale muda mrefu. Sikujua anafikiri nini.

Kisha akatoka barazani, akamwita dereva. "Shusha sanduku."

Dereva akalalamika kwamba kamba amezifunga vizuri na kila kitu kimelowa. "Shusha," akarudia.

Mwajuma amepewa kinini yake kwenye ndizi. Amekula ndizi, akanitemea kinini kwenye aproni, akaapa kwamba mimi si bibi yake. Tumempa tena, ameimeza huku ananilaani. Mtoto mwenye nguvu za kumlaani bibi yake, tumaini lipo.

Kama bado nina kazi, Daktari hajasema. Alisema tu kwamba Ijumaa anaelekea Kabambare. Nikamwambia mimi nitatangulia kesho, kwa miguu, na wanawake wanaokwenda njia ile, nipite kijiji kwa kijiji kabla yake.

"Kufanya nini?"

"Kupandisha blauzi, Bwana."

Akawa mwekundu mpaka shingoni, akainamia karatasi zake. Hakusema ndiyo, na hakusema hapana. Huko ni kuruhusiwa.

Najua mstari wake utapanda. Utapanda Lusangi, utapanda Kabambare, na kule mbali watasema Daktari huyu ameshindwa kazi, homa inamzidi. Na upande! Upande mpaka ufike pale walipo watoto, ndipo tuanze kuushusha kwa haki. Mwakani tukipima tena, nataka niseme "hakuna" nikiwa nimeshika tumbo la Mwajuma mwenyewe, siyo la jirani yake.

Mvua imekatika. Nimeanika blauzi juu ya moto, ile fupi, ndiyo nitakayoondoka nayo.

Mama, Bibi Mwamini anasema ulikuwa unalia. Mimi sikumbuki kulia kwako, nakumbuka wembe tu.