Simu Sikioni, Maiki Mdomoni

Mshauri wetu mpendwa, naomba msaada, ila ukinicheka, nicheke taratibu. Mimi ni kijana nisiyeona, mtaani wananiita Spika maana nikishika maiki hata jenereta linaona haya, shule niliikimbia mapema kwa sababu ya nukta nundu, yale maandishi ya vitone tunayosoma kwa vidole, nikajiambia hayo mambo ya kizee, simu si inanisomea kila kitu, hata barua hii nimeisema tu simu ikaandika, na dada yangu, naye haoni, ni mwalimu wa nukta nundu, nikawa namtania, "Dada, unapapasa karatasi kama unatafuta chawa!" basi juzi redio ya mtaani wakanijaribu kusoma habari, nikaweka simu sikioni, inasema nami nafuata kama kasuku, mambo yananoga, mara betri ikalalamika, nami kwa sauti ileile ya kifalme nikatangaza, "Mkuu wa idara ya maji amesema betri imebaki kidogo, tafadhali chomeka chaja," kabla sijameza mate ukaingia ujumbe wa mama, nikausoma nao, "Suruali yako bado iko kwenye beseni," mkuu wa redio akacheka mpaka akakaa chini, kisha akasema, "Sauti unayo, mdogo wangu. Kajifunze kusoma kwa vidole, nafasi nakuwekea hadi mwisho wa mwaka, usipotokea nampa mwingine." Sasa mwalimu ninayemjua ni dada tu, na nilivyomcheka nitamwingiaje? Au ninunue simu ya betri kubwa yaishe?
Spika

Wewe Spika, samahani, nimecheka hadi wenzangu ofisini wakaja kuuliza kulikoni. Sasa nisikilize. Betri haina kosa. Simu ni rafiki mzuri, usiitupe, lakini kusomewa si kusoma. Anayeona akisomewa gazeti maisha yake yote, si tungesema hajui kusoma? Ukifuata sauti ya sikioni, wewe ni mkia tu. Kidole kikiwa kwenye mstari, unaamua mwenyewe pa kuvuta pumzi na pa kushusha sauti, na majina ya watu unayajua yanavyoandikwa.

Kuhusu dada, kumtania ulijua, kumwomba radhi ndiyo unapata kigugumizi? Usimpelekee hotuba. Nawa mikono, ikaushe, kaa karibu naye umwambie, "Dada, nisamehe, niwekee kidole mstari unapoanzia." Atakutania, tena sana. Vumilia, ulianza wewe. Mwanzoni vidole vitakuwa vizito kama vya mtu aliyevaa glavu, na utaitamani simu. Iache chumba kingine. Soma kwa sauti kila siku, hata boksi la dawa likiwa na vitone, lisome.

Ila kabla ya yote hayo, mpigie mkuu wa redio leo hii: "Bosi, nafasi yangu usimpe mtu, nakuja." Mdomo wako mkubwa ukishaahidi, vidole havitakuwa na pa kukimbilia.